Uzoefu wangu na huduma ya kuzoa taka majumbani, Iringa mjini

Natumia huduma hii tangu mtaa wetu ulipoachana na ghuba la taka na kukabidhi kazi kwa kikundi cha usafi. Wapangaji wapya na wanafunzi wa vyuo wanaohamia hapa huniuliza kila mara: ile ada ya taka ya kila mwezi ni ya nini, na je, ni lazima? Ni lazima, na mimi naona inastahili. Ila anayetenga taka zake nyumbani anafaidi huduma hii kuliko anayejaza kila kitu kwenye salfeti (kiroba) moja, na hilo ndilo hasa lililonifanya niandike. Kuna mambo pia ambayo watoa huduma wanatakiwa kuyarekebisha, nitayasema bila kuficha.

Utaratibu wa kwetu uko hivi. Guta, kile chombo cha mizigo cha magurudumu matatu, linapita mara mbili kwa wiki, asubuhi, na vijana wanapuliza filimbi wakiwa bado kona ya juu. Taka ziwe ndani ya salfeti au ndoo yenye mfuniko, na zitolewe asubuhi ileile. Ukizitoa usiku, mbwa wanazitawanya, na ukifika asubuhi kilichobaki ni kugombana na jirani mlangoni kwake. Guta linapeleka kwenye kontena kubwa lililo karibu na barabara ya lami, kisha gari linabeba kwenda dampo.

Ada inahesabiwa kwa kaya, wala siyo kwa nyumba. Hapo ndipo panapozua maneno mengi. Nyumba yenye vyumba sita na wapangaji sita wanaopika kila mtu kivyake ni kaya sita, na kila mmoja ana haki ya risiti yake. Wako wenye nyumba wanaowaambia wapangaji kuwa taka zimo ndani ya kodi, halafu anayekusanya ada anapobisha hodi hakuna anayejua nani alilipa. Mpangaji mwenzangu, ulizeni jambo hili kabla ya kulipa kodi ya miezi sita. Na usikubali kutoa hela bila risiti ya mashine. Karatasi ya kuandikwa kwa kalamu haikusaidii siku wakija kudai malimbikizo.

Kuhusu uhalali: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa halmashauri wajibu wa kusimamia taka ngumu, na inataka taka zitengwe palepale zinapozalishwa, yaani nyumbani, dukani, sokoni. Viwango vya ada na faini vinawekwa na sheria ndogo za halmashauri, na sheria ndogo hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, kwa hiyo siyo siri ya mtu. Nenda ofisi ya mtaa au kwa afisa afya wa kata uombe kuonyeshwa. Wapo wanaosema, "Mimi Jumamosi ya mwisho wa mwezi nafagia na kuzibua mtaro, ada ya nini tena?" Usafi wa Jumamosi, ule ambao maduka yanafunguliwa kuanzia saa nne, ni wa maeneo yetu ya pamoja. Haubebi maganda yako ya wiki nzima kwenda dampo.

Kuna sababu nyingine inayonigusa zaidi ya sheria. Mji wetu umekaa juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mifereji karibu yote inateremka kuelekea bondeni Ipogolo, kwenye Mto Ruaha Mdogo. Maji mengi ya bomba ya mji huu yanatoka kwenye mto huohuo. Nepi iliyotupwa mtaroni huku juu mwezi wa Januari haipotei, inashuka na mvua. Kisha mto wenyewe unaendelea hadi Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu unaingia bwawa la Mtera. Mtu akiniambia taka zake hazimhusu mwingine, namwonyesha bonde kwa kidole.

Sasa kutenga. Nyumbani kwangu kuna vyombo vitatu: ndoo ya vinavyooza, salfeti ya vinavyouzika, na salfeti ya vile visivyo na kazi. Majivu yana debe lake la bati, mbali kabisa na vyote.

Nianze na majivu, maana Iringa hii bila kuyazungumzia hujasema kitu. Kuanzia Juni baridi inapobana, jiko la mkaa linawaka asubuhi na jioni, na kila nyumba inatoa majivu. Salfeti ni plastiki. Kaa moja ambalo bado lina moto ndani linaitoboa, na likikutana na makaratasi kwenye guta linashika. Vijana wameshawahi kumwaga mzigo mzima barabarani kuzima moto. Ndiyo maana kijana anayezoa kwetu hanyanyui salfeti yoyote kabla hajaigusa kwa mgongo wa kiganja. Husalimia kwanza kwa Kihehe, kisha anauliza kama majivu yamepoa:

"Kamwene, mama. Haya majivu yamelala?"

"Kamwene, mwanangu. Yamelala tangu juzi, beba tu."

Hata nikimjibu hivyo, bado anagusa. Nampenda kwa hilo. Kanuni ya kikundi ni majivu yalale usiku mzima kwenye bati kabla hayajatolewa, na siku mbili ni bora zaidi.

Vinavyooza ndivyo vingi kuliko vyote: maganda ya viazi, ya ndizi, mabaki ya mboga, nyanya zilizopondeka, magunzi ya mahindi mabichi. Mimi nina kauwanja, kwa hiyo hivi havitoki nyumbani, vinakuwa mboji. Tabaka la mabichi, tabaka la makavu kama majani au mabua yaliyokatwakatwa, maji kidogo, na kugeuza mara kwa mara ili hewa iingie. Ukichukua konzi ukaikamua, itoe matone machache tu. Ikitiririka, ongeza makavu. Ikinuka, nayo hivyohivyo. Nyama na ugali siweki kwa sababu ya panya. Majivu naweka kiasi kidogo sana, maana yakizidi yanafukuza naitrojeni ambayo ndiyo mahindi yanaitafuta. Baridi yetu inachelewesha mboji, usitegemee kasi ya watu wa Pwani, lakini ukianza mapema inakuwa tayari mvua za Desemba zikifika.

Kitu kimoja kinawachanganya wengi. Ile mifuko mbadala ya rangi rangi tuliyopewa baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 1, 2019, mkononi inaonekana ni kitambaa. Haiozi. Imetengenezwa kwa polipropilini, ambayo ni plastiki. Jirani yangu alifukua shimo lake la mboji akaukuta mfuko mzima, na mpini wake, na maandishi yanasomeka. Mfuko huo uutumie mpaka uchanike, kisha uingie kwenye salfeti ya visivyo na kazi. Na ile ya zamani, myepesi, bado ni kosa kuwa nayo: faini kwa mtu wa kawaida inaanzia shilingi 30,000 na inafika 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Vile vifungashio vya kuonekana ndani ambavyo baadhi ya wauza mboga wanafungia nyanya navyo havikuruhusiwa kutumika kama mifuko ya kubebea. Beba kikapu.

Usiye na uwanja, tafuta mfugaji wa nguruwe. Mitaani kwetu wapo wanaopita na ndoo kuchukua maganda na mabaki, na wanafurahi ukiwatengea. Sharti ni moja, pasiwe na kipande cha chupa wala nailoni ndani, kwa sababu mnyama hachambui.

Kwenye vinavyouzika, chupa za maji na juisi ndizo zinazoongoza. Chupa tupu ya nusu lita haifikii hata gramu 20. Maana yake, mwokotaji anahitaji zaidi ya chupa hamsini kupata kilo moja, na wanunuzi wananunua kwa kilo. Kwa hiyo unapoichanganya chupa na mchuzi na majivu, unamwongezea kazi ya kuosha mtu ambaye tayari anahesabu chupa moja moja. Imwage, ikanyage ibonyee, funga kifuniko ili isivimbe tena, weka kwenye salfeti yake. Madumu na ndoo zilizovunjika ni plastiki ya aina nyingine, chini utaona namba 2 au 5 ndani ya pembetatu, wakati chupa ya maji ina namba 1. Wanunuzi huzipima mbalimbali. Chupa nzuri zenye mdomo mpana mimi sizitoi, kuna mama anayeuza asali na mafuta ya alizeti anazihitaji, anaziosha kwa maji ya moto.

Chupa za bia na soda zina kreti zake, rudisha dukani. Vioo vingine ni taabu. Hapa mjini tunao Neema Crafts, karakana ya watu wenye ulemavu iliyoanzishwa 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambako kioo kilichotumika kinageuzwa kuwa shanga, na kila ninapoziona zile shanga najiuliza kwa nini mji mzima hauna mahali pa kupokelea kioo. Kwa sasa, kilichovunjika kifunge kwenye boksi gumu, andika juu "KIOO", na mwambie kijana kwa mdomo.

Pampasi hazifai mboji wala haziuziki, ziende salfeti ya tatu, zikiwa zimekunjwa. Nawaomba akina mama wenzangu, zisiende chooni. Shimo linajaa kabla ya wakati, na siku ukiita gari la kunyonya majitaka, mpira unaziba, na wanaweza kukuambia hawarudi. Betri za redio na tochi nazikusanya kwenye kopo. Betri ya gari au ya sola iliyokufa ina madini ya risasi na asidi, mpe mnunuzi mwenye kibali, usimruhusu mtoto aipasue. Kuchoma plastiki uani ni kuvuta sumu wewe na wa nyumba ya pili, na kwa upepo wa Iringa moshi hauna mipaka.

Sasa lawama zangu.

Kubwa ni kuchanganya. Kwa muda mrefu tulitenga nyumbani, halafu guta likabeba vyote pamoja. Watu walikata tamaa, na nawaelewa, kwa sababu hakuna kinachoua moyo wa kutenga haraka kama kuona ulichotenga kinamwagwa mahali pamoja na cha asiyejali. Tulilisema kwenye mkutano wa mtaa, na kikundi kilikubali kufunga salfeti mbili pembeni ya guta kwa ajili ya chupa na vyuma. Wanaouza ni vijana wenyewe, hela ni yao. Tangu hapo, wao ndio wanaotukumbusha kutenga. Lakini vinavyooza vya wasio na mboji bado vinaingia kontena na kwenda dampo na vingine vyote, wakati hiyo ndiyo sehemu kubwa ya mzigo. Eneo dogo la mboji la kata lingepunguza safari za gari, na wakulima wa bustani wa huku wangenunua.

Ya pili ni masika. Mteremko wetu ni wa udongo, ukilowa guta halipandi. Hilo nalielewa. Nisicholielewa ni kukaa kimya. Taka zinatolewa, filimbi haisikiki, zinalowa hadi jioni, na mtaro unapokea kinachomwagika. Namba za simu za wajumbe wanazo. Ujumbe mmoja, "leo hatupandi, leteni kwenye lami," ungetosha.

Ya tatu inahusu wanaofanya kazi yenyewe. Kijana wetu ana glavu moja iliyotoboka kwenye kidole gumba, na ya pili hana. Anashika salfeti zenye vipande vya kioo na sindano ambazo watu wanazitupa bila kuzifunga. Tunalipa ada kila mwezi, na ndani ya ada hiyo lazima yawemo mabuti na glavu. Kazi hii inatulinda sisi na kipindupindu, na anayeifanya anastahili kulindwa.

Pamoja na hayo, naipendekeza huduma hii kwa anayehamia. Mtaro wetu ambao zamani ulikuwa unafurika kila mvua kubwa sasa unapitisha maji, na pale lilipokuwa ghuba watoto wanacheza. Ukifika mtaani, mwone mwenyekiti au mjumbe, uliza siku za guta, jina la kikundi na la anayekusanya ada, kisha jiandikishe kama kaya mwezi uleule, ili usije ukadaiwa madeni ya mpangaji aliyehama.

Suala la glavu nimeshalipeleka kwa mwenyekiti, na ameahidi kuliingiza kwenye ajenda za mkutano ujao. Wenye kaya njooni, tunahitaji sauti zaidi ya mbili.