Vidonge vya MMS kwa mama kijacho: vizuri, ila wauzaji wapunguze maneno

Naona wengi mnauliza kuhusu hivi vidonge vya MMS, vile vyenye vitamini na madini 15 ndani ya kidonge kimoja, kama kweli vinazidi vile vya kuongeza damu tulivyozoea au ni biashara tu. Mimi nimevitumia kipindi cha ujauzito, nawaambia ninachojua.

Kidonge chenyewe kina harufu ya chuma, ukimeza tumbo tupu kichefuchefu hapo hapo, nikahamia usiku baada ya kula mambo yakatulia. Choo kinakuwa cheusi, usishtuke, ni chuma hicho. Ndani kuna chuma miligramu 30, foliki mikrogramu 400, madini joto, zinki, vitamini A, D, B12 na kadhalika. Kalsiamu hamna, kwa hiyo kama kliniki wamekupa endelea nayo tu. Na ukishushia na chai au kahawa chuma hakiingii vizuri mwilini, bora maji.

Kwenye uzito wa mtoto vinafanya kazi, hapo sina ubishi. Ukilinganisha na vile vya kuongeza damu, vyenye chuma na foliki peke yake, watoto wanaozaliwa chini ya kilo 2.5 wanapungua kama asilimia 12, na mwaka 2021 WHO wakaviingiza kwenye orodha ya dawa muhimu.

Kinachoniudhi ni maneno ya dukani. Niliambiwa eti nikivimeza mtoto hatakuja kuugua presha wala kisukari mpaka uzeeni. Jamani hapana! Kwamba lishe ya tumboni inamfuata mtu ukubwani ni kweli kabisa, angalia ile njaa ya Uholanzi ya 1944-45 wakati wa vita, mgao ulishuka chini ya kalori 1000 kwa siku, afu waliokuwa tumboni kipindi kile wakaja kupimwa wakiwa na miaka kama 50, wale ambao njaa iliwakuta mimba ikiwa changa wakaonekana wana magonjwa ya moyo zaidi, na wale iliyowakuta miezi ya mwisho wakipewa glukosi sukari inakawia kushuka. Na kinachoniumiza ni kwamba hao wa mimba changa walizaliwa na uzito wa kawaida tu, mzani haukuonyesha kitu! Au chukua figo, vichujio vyake vinatengenezwa tumboni na ikifika wiki ya 36 hivi kazi imeisha, ukizaliwa navyo vichache ndo hivyo hivyo maisha yote, na vikielemewa presha inapanda.

Lakini hayo ni mambo ya lishe nzima ya mama, chakula chenyewe, na kidonge hakina protini wala hakitii nguvu. Watoto ambao mama zao walimeza MMS kwenye majaribio wamefuatiliwa utotoni, na uchambuzi wa 2016 uliokusanya majaribio hayo haukukuta tofauti ya presha wala ya ukuaji kati yao na wale ambao mama zao walimeza chuma na foliki tu. Uzeeni wenyewe hawajafika. Sasa muuzaji anayekuahidi kinga ya miaka 60 kaipima wapi? Maana kuna dada atamwamini, ale kidogo akijua kidonge kinamtosha, na sukari ya mimba asipime kabisa wakati nayo inamuongezea mtoto hatari ya kisukari baadaye.

Kwa hiyo nunua, meza kila siku, ila ule. Kama una upungufu wa damu muulize nesi kwanza maana miligramu 30 huenda zisikutoshe. Foliki ni bora uanze kabla hata hujashika mimba, uti wa mgongo wa mtoto unafunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wengi hapo hata hatujajua kama tuna mimba.

Kingine, kopo nililouziwa kifuniko kinafunguka kirahisi mno, mtoto wa miaka miwili anakiweza. Chuma kikizidi kwa mtoto mdogo kinaua, watengenezaji warekebishe hilo haraka, na wewe weka juu kabisa asikofika.