Vibodi vya Arduino vya kopi kwenye boksi la panya: chukueni, ila mota muwe nayo macho

Wadau mnaoniuliza inboksi kuhusu zile Arduino Uno za Kichina (vibodi vidogo unavyovipangia programu viendeshe mota na sensa) zinazouzwa mjini kati hapa Mwanza, chukueni tu. Sisi maabara tumezifunga kwenye maboksi ya panya, yale panya anabonyeza kitufe anadondoshewa punje, na bei yake haifiki hata nusu ya oginali ya Italia. Boksi lililokamilika la kuagiza nje hilo hata tusiliongelee.

Chipu inayoendesha bodi ni ileile ATmega328P, volti 5, pini 14 za kidijitali, kwa boksi moja zinabaki. Kopi nyingi zina chipu ya CH340 ya kuongea na kompyuta upande wa USB, kwahiyo laptopu isipoisoma usikimbilie kurudisha mzigo dukani, weka draiva kwanza. Sensa za infraredi za nanomita 940 nazo safi sana, panya haoni ule mwanga, anakatiza zake huku anahesabiwa.

Shida ipo kwenye kale kamota ka bluu ka kudondosha punje, sevo ya SG90. Kanalia! Hata kakiwa kamesimama kanatetemeka ziii ziii, na panya anasikia mpaka kama kilohezi 80 wakati sisi mwisho wetu 20, sasa wewe unaandika kwenye ripoti kwamba mnyama kajifunza kwamba taa ikiwaka chakula kinakuja kumbe mwenzio kajifunza mlio wa mota, akiusikia tu huyo kwenye kisahani. Dawa yake mota ikae nje ya boksi, ikimaliza kuzunguka programu iiachie kwa amri ya detach (inaacha kuitumia ishara), na izungushwe hata kwenye raundi zisizo na chakula ili mlio usimwambie kitu. Alafu msiivutie umeme kutoka kwenye bodi, bodi itajiristi katikati ya jaribio na hesabu zianze sifuri, ipeni pawa saplai yake ila waya wa graundi muunganishe pamoja.

Na kwa huu umeme wetu wa kukatika ongezeni saa ya DS3231 yenye kabetri kake na memori kadi ya kutunzia hesabu, maana bodi yenyewe ikizima haikumbuki saa ngapi.

Duka nililonunua vijana wako poa, wanakupimia kifaa kwa multimeta kabla hujalipa, lakini pawa saplai yao imeandikwa ampea 2 na ukiibana kidogo volti zinashuka, hiyo katafuteni kwingine. Risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) wanatoa, wa maofisini msihofu.