Bonvoy, Hyatt na Hilton kwa msafiri wa biashara anayetokea Mbeya

Kwa anayefanya biashara akitokea Mbeya, mpango wa pointi za hoteli (unalala, unapewa pointi, baadaye unazilipia chumba) ninaouona unafaa ni Marriott Bonvoy, tena kwa sehemu tu ya safari. World of Hyatt naupenda kwa uzito wa pointi zake. Hilton Honors nimebaki nao kwa jina. Naandika kwa sababu wenzangu wa pembejeo, mbao na parachichi huniuliza wajiunge na upi, na maelezo mengi yaliyopo yanamfaa mtu anayelala Nairobi wiki hii na Dubai wiki ijayo.

Mimi nasambaza mbegu na viuatilifu. Mizunguko yangu ni Makambako na Njombe, Mafinga na Iringa, kisha Dar es Salaam kufuatilia mzigo bandarini, na msimu wa mbegu ukikaribia navuka Tunduma kwenda Lusaka. Kuanzia Tunduma hadi mlima Kitonga sijawahi kulala kwenye hoteli ya makampuni haya makubwa. Tunalala gesti na hoteli za wenyeji, nyingine nzuri kweli, na usiku huo wote hauingii kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Hapo ndipo penye shida, kwa sababu madaraja ya uanachama hupandwa kwa idadi ya usiku uliolala kwao ndani ya mwaka. Bonvoy wanataka usiku 10 kwa Silver, 25 kwa Gold na 50 kwa Platinum. Hyatt wanataka 10 kwa Discoverist, 30 kwa Explorist na 60 kwa Globalist. Mambo matamu yako kule juu. Mtu ambaye usiku wake mwingi unaishia Njombe anaweza kukaa njiani mwaka mzima na bado asiione Platinum. Kwa hiyo nilipolinganisha niliacha ahadi za madaraja, nikaangalia vitu viwili tu: kama hoteli zao zipo kule nilalako, na pointi za daraja la chini zinanipa nini.

Bonvoy wananishika kwa sababu ya mahali. Dar wana Four Points by Sheraton New Africa, pale Posta, ambapo natembea kwa miguu kwenda kwa wakala wa forodha. Lusaka kuna hoteli za Protea, ambazo Marriott walizinunua mwaka 2014, kwa hiyo pointi za Dar na za Lusaka zinaingia kapu moja. Hyatt kwa Dar wana ile Hyatt Regency ya Kivukoni, iliyokuwa Kilimanjaro Hotel, inayotazama bandari. Nikilala pale nafurahi, ila njia zangu nyingine zote haziwagusi. Hilton wana DoubleTree upande wa Msasani, na foleni ya asubuhi kuja mjini inanitosha kusema hapana.

Wengi huhesabu pointi vibaya. Bonvoy na Hilton hutoa pointi 10 za msingi kwa kila dola kwenye hoteli zao nyingi, Hyatt hutoa 5. Ukisimama hapo utaona Hyatt wanapunja, lakini chumba chao hudai pointi chache, na kwangu pointi moja ya Hyatt imenunua zaidi. Tena bili ya shilingi hugeuzwa kwanza kuwa dola, na VAT ya asilimia 18 haihesabiwi. Ukilipia chumba kupitia tovuti za kati za kuuza vyumba, kwa kawaida hupati pointi wala usiku. Lazima uagize kwao wenyewe.

Chai ya asubuhi ya bure, inayosifiwa sana na wasafiri wa nje, huku kwetu haina uzito. Mafinga au Iringa, chai na chapati mara nyingi zimo kwenye bei ya chumba bila kadi yoyote. Ninachokitamani ni ruhusa ya kuchelewa kutoka chumbani. Ukungu ukifunga uwanja wa Songwe, ndege ya asubuhi kutoka Dar inasogezwa mbele, na wewe umeshatakiwa kurudisha ufunguo. Gold wa Bonvoy anaweza kuruhusiwa hadi saa 8 mchana kama vyumba vipo. Platinum hukaa hadi saa 10 jioni. Kwa mtu wa Mbeya faida hiyo inazidi tunda la kukaribishwa.

Jambo la risiti lisipuuzwe. Hoteli moja haikuniingizia pointi, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, haikunisaidia, kwa sababu haionyeshi tarehe za kulala wala namba ya uanachama. Bili yenyewe ya hoteli, iliyoandikwa kila usiku, ndiyo iliyomaliza kesi. Siku hizi naomba zote mbili kabla sijaondoka kaunta: moja ya mhasibu, moja yangu.

Halafu kuna Iringa. Pale juu mjini kuna hoteli ya mama mmoja ambayo haina kadi wala programu ya simu. Malori yakikwama Kitonga nampigia, nasema, "Shikamoo mama, nimekwama." Ananijibu, "Marahaba baba, chumba chako kipo, njoo taratibu." Nikifika usiku wa manane geti linafunguliwa, maji ni ya moto, blanketi ni mbili. Bei yangu ni ya mteja wa siku nyingi na haijawahi kupandishwa bila kuniambia. Hakuna daraja la Bonvoy lililowahi kunihudumia hivyo, na nalisema kwa heshima zote kwa mama yule.

Wanaolipwa posho wakabaki na chenji watachagua gesti ya bei nafuu, na wana haki. Ila kama kampuni ndiyo inayolipa hoteli moja kwa moja Dar au Lusaka, jiunge, ni bure, na pointi huingia kwa jina lako wewe uliyelala. Hakikisha tu akaunti haikai miezi 24 bila kuongezwa au kutumiwa kitu, maana kote kutatu pointi hufutwa. Zangu za Bonvoy nazitunzia safari ya mbegu Lusaka: ukilipa kwa pointi usiku tano mfululizo, unakatwa pointi za usiku nne.