Uzoefu wangu wa kukodi kosta kutoka Mbeya kwenda Chuo cha Mkwawa, Iringa

Mwezi uliopita nilipewa jukumu la kutafuta usafiri wa wanafunzi 28 wa ualimu wa sayansi kutoka chuo chetu hapa jijini Mbeya, kwenda kuwatembelea wenzetu wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa mkoani Iringa na kurejea kesho yake. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wawakilishi wa madarasa na viongozi wa vyama vya wanafunzi watakaobebeshwa mzigo kama wangu, kwa sababu nilipokuwa natafuta gari kila niliyemuuliza aliniambia bei tu na kuishia hapo. Jina la mwenye gari nimeliacha kwa makusudi. Wazoefu wameniambia kwamba aliyotufanyia ni ya kawaida katika biashara hii, hivyo kumtaja yeye peke yake kungekuwa kumwonea.

Kila mmoja wetu alichanga shilingi 45,000, tukapata 1,260,000. Baada ya kuzungumza na wamiliki watatu, tulikubaliana na aliyetaka 1,100,000 kwa siku mbili, akisisitiza kwamba mafuta na dereva vimo humo humo. Nilimlipa nusu, naye akanipa risiti ya kuandikwa kwa mkono yenye maneno matatu tu: "Kukodi gari Iringa." Sikuuliza dereva atalala kwa fedha za nani, wala kama gari litatuzungusha tukishafika. Kuhusu kibali cha kulitoa gari nje ya njia yake niliuliza, akanijibu kwa upole, "Kibali kipo, mdogo wangu, usiwe na wasiwasi." Nikaridhika na neno hilo, na hapo ndipo nilipokosea.

Gari lenyewe lilikuwa kosta ya daladala, ambayo siku nyingine zote hubeba abiria hapa hapa mjini. Tairi zilikuwa nzima na injini haikutusumbua hata mara moja, jambo ambalo lazima nilikiri. Viti ndivyo vilivyotutesa: vile vya kukunja vya katikati havina pa kuegemeza kichwa, na aliyekalia kimojawapo hulazimika kusimama kila mwenzake wa nyuma anapotaka kushuka. Dirisha langu lilikuwa limekwisha mpira, na mtu fulani kabla yangu alikuwa ameziba mwanya kwa kipande cha kitenge kilichokunjwa mara nne. Kuanzia Igurusi hadi Chimala, ambako barabara hupita pembeni mwa bonde la Usangu na hewa huwa ya joto, nilikiona kitenge kile kuwa kichekesho. Tulipopanda kuelekea Makambako, ukungu ukiwa bado haujaondoka barabarani, nilikuwa nakishindilia kwa vidole vyote vya mkono wa kulia ili kisichomoke.

Dereva, ambaye sote tulimwita Mjomba, ndiye sababu ya tathmini hii kutokuwa ya malalamiko matupu. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, na wanaoijua barabara ya Tanzania na Zambia wanajua kwamba kutoka Uyole kushuka miteremko ya Inyala mtu husafiri katikati ya malori ya mizigo yanayokwenda na kutoka Tunduma. Mjomba aliishuka kwa gia nzito, mguu ukigusa breki kwa nadra, na lori lililokuwa mbele yetu hakulipita mpaka tulipofika mahali pa wazi, ingawa vijana wa viti vya nyuma walikuwa wakimhimiza. Katika kila kijiji chenye kibao cha 50 alipunguza mwendo mpaka hamsini kamili. Mwenzetu mmoja alipomwambia kwamba kwa mwendo ule tutalala njiani, alimtazama kupitia kioo cha ndani na kusema, "Mwanangu, hamsini ni hamsini. Ukitaka sitini, shuka ukapande nyingine." Hakuna aliyemhimiza tena.

Kibali kilitushika karibu na Makambako. Askari wa usalama barabarani aliomba nyaraka, akasoma leseni ya usafirishaji, akasogea mbele kusoma maandishi ya njia yaliyochorwa ubavuni mwa gari, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa daladala ya jijini Mbeya inatafuta nini pale. Mjomba alinigeukia, nami nikampigia simu mwenye gari, ambaye baada ya kupokea mara ya tatu alikiri kwamba kibali cha LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, "kilikuwa kinashughulikiwa". Tulikaa pembeni mwa barabara saa moja na nusu mpaka kilipotumwa kwenye simu ya dereva. Simlaumu askari hata kidogo. Leseni ya njia moja haimruhusu mtu kubeba abiria mkoa mwingine, na kama tungepata ajali siku hiyo bila kibali, sijui bima ingetujibu nini. Muda huo tuliununulia chai na viazi vya kukaanga, tukaendelea kupitia Mafinga na misitu yake ya misonobari, na tulifika Ipogolo, mlangoni mwa mji wa Iringa, saa saba kasoro badala ya saa tano tuliyowaahidi wenyeji.

Wenyeji wetu, kwa bahati, walikuwa na subira kuliko sisi. Mkwawa ilikuwa shule ya sekondari kabla ya kufanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2005, na kwetu sisi tunaokwenda kufundisha sekondari historia hiyo ina ladha yake. Muda wetu wa maabara ulikuwa umekwisha chukuliwa na darasa jingine, hivyo tuliiona kemia kwa dakika 20 tu, tukiwa tumesimama. Badala yake walitupeleka kwenye chumba walichokuwa wakifanyia mazoezi ya kufundisha mbele ya wenzao. Mwanafunzi wa mwaka wa pili alikuwa akieleza jinsi atomu za kaboni zinavyoungana, kwa kutumia vizibo vya soda vilivyotobolewa kwa msumari na vijiti vya mishikaki. Kijiti kimoja kilimvunjikia mkononi. Hakusimama, akauliza darasa kifungo kati ya atomu kikivunjika kinabaki nini. Nimehudhuria vipindi vingi vya namna hiyo chuoni kwetu, na sikumbuki kimoja kilichonifanya nitamani kuandika.

Jioni, tukiwa Kihesa kwenye nyumba ya wageni, Mjomba alinivuta pembeni kwa aibu na kunieleza kwamba bosi wake hakumpa chochote cha kulala wala kula. Nilimpa 40,000 kutoka kwenye akiba yetu. Asubuhi tuliomba kupitia Isimila, kwenye zana za mawe za kale na nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, ambayo iko pembeni kidogo tu mwa barabara hiyo hiyo ya kurudi Mbeya. Mwenye gari alidai 60,000 zaidi kwa simu, tulipatana 25,000. Isimila inastahili zaidi ya hizo, hasa ukishuka bondeni asubuhi kabla jua halijawa kali, lakini kudaiwa fedha mkiwa tayari mmeketi ndani ya gari kunaudhi.

Dereva nampa nyota tano, gari tatu, na mwenye gari moja. Ningerudia safari hii, ila kwa mkataba wa ukurasa mmoja unaotaja kibali, posho ya dereva na vituo vyote, na nusu ya kwanza ya malipo ningeitoa baada ya kukiona kibali chenyewe. Wiki iliyopita mwenye gari alinipigia akiuliza kama mahafali tutahitaji usafiri. Nilimwomba anitumie kwanza kibali cha kwenda Iringa. Hajanijibu.