Mtoto anakuja, mfuko ni mdogo: nini ununue kwanza na nini uache dukani

Pita Mtaa wa Kongo pale Kariakoo ukiwa na tumbo la miezi saba, uone utakavyoitwa. "Mama kijacho, karibu, seti kamili ipo!" Hiyo seti inaning'inia mlangoni ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu: shali nene lenye manyoya, mto wenye umbo la dubu, glavu za mtoto, kofia ya sufi, chupa mbili za maziwa na kopo la poda. Inapendeza. Ukishaibeba umemaliza pesa, na hujanunua hata kimoja kati ya vitu utakavyoulizwa ukifika wodini.

Nimewasindikiza wadogo zangu na wifi zangu wengi kwenye manunuzi haya, na ushauri wangu haujabadilika: mpangilio wa kununua ni kinyume cha mpangilio wa dirisha la duka. Kinachotundikwa mbele ndicho cha mwisho. Nimeupanga mwongozo huu kwa mtu wa Dar anayeishi chumba kimoja au chumba na sebule, mwenye kipato cha siku au mshahara unaoishia tarehe 15. Aliyeko Njombe au Arusha aongeze nguo za baridi, mengine ni yale yale.

Nafasi ya kwanza: siku yenyewe, na mzazi mwenyewe

Kisera, huduma ya uzazi kwenye vituo vya serikali Tanzania ni bure. Aliyewahi kuhudhuria kliniki anajua kwamba hata hivyo kuna vitu utaambiwa uje navyo. Orodha haifanani kila kituo, kwa hiyo usiichukue kwa jirani. Mwulize nesi wa kituo utakachojifungulia, na umwulize mapema, mimba ikiingia mwezi wa saba. Kwa kawaida utasikia glavu, pamba, mpira wa kulalia, nyembe, vibanio au uzi wa kufungia kitovu, beseni na khanga. Kwenye glavu ndipo wengi wanapopoteza pesa. Kuna za boksi, na kuna za upasuaji zinazofungwa pea moja moja kwenye karatasi. Uliza unatakiwa kuja na zipi na pea ngapi, ndipo uende duka la dawa. Vifurushi vilivyokwisha kufungwa vinarahisisha kazi, ila omba uvifungue uhesabu kilichomo, kisha ulinganishe na bei ya kimoja kimoja.

Ongeza pedi kubwa za uzazi kwa ajili yako, na dera moja au mawili yenye vifungo mbele. Halafu tenga nauli, na usiiguse. Uchungu hauchagui saa, na bajaji ya saa nane usiku haina bei ya mchana. Hifadhi pia namba 115 kwenye simu yako na ya baba mtoto: ni ya huduma ya m-mama, haikatwi salio, na imewekwa kwa ajili ya dharura za wajawazito, waliojifungua na vichanga.

Fungu hili hili ndilo lenye pesa ya chakula cha arobaini. Watu hawaiweki kwenye orodha ya mtoto, nami naiweka juu kuliko nguo zote. Ndizi za mtori, unga wa uji, pilipili manga, mifupa ya supu, mkaa au gesi ya ziada. Mzazi anayekula vizuri ananyonyesha vizuri, na maziwa yale ndiyo chakula chote cha mtoto kwa miezi sita ya mwanzo, bila hata maji, isipokuwa daktari aseme vingine.

Nafasi ya pili: khanga na vitenge

Sijaona kitu cha mtoto kinachofanya kazi nyingi kama khanga. Inampokea, inamfunika, inatandikwa, inakuwa taulo, inakuwa pazia ukinyonyesha ndani ya daladala, na ikichakaa inachanwa kuwa nepi. Doti tatu au nne mpya zinatosha ukichanganya na kuukuu utakazopewa na mama na mashangazi. Hizo kuukuu ndizo za mtoto, kwa sababu zimeshalainika. Mpya ni zako.

Dukani usiangalie maua wala jina lililoandikwa, angalia uzi. Iinue khanga kwenye mwanga: ukiona mashimo kama chandarua, haitafika mwaka. Lowesha kidole, gusa kitambaa. Pamba inakunywa maji. Yenye nailoni nyingi itaacha tone juu likitetemeka. Khanga mpya yenye wanga mwingi nayo inaweza kugoma kidogo, kwa hiyo fikicha kona kwanza ndipo ujaribu. Kwa mbeleko chukua kitenge, kwa kuwa ni kizito na hakitelezi. Vibebeo vya mikanda vina raha yake kwa anayetembea sana, lakini kwa bajeti hii kitenge kinashinda.

Nafasi ya tatu: nepi, na hapa tukae kidogo

Kichanga hubadilishwa mara nane hadi kumi kwa siku. Tuseme duka la mtaani kwenu linauza pampasi moja shilingi 500. Hiyo ni shilingi 4,000 hadi 5,000 kwa siku, yaani 120,000 hadi 150,000 kwa mwezi. Kwa nyumba nyingi hiyo ni kodi ya chumba. Weka bei ya dukani kwenu uone. Nazipanga aina zake hivi, kuanzia inayostahili pesa yako zaidi.

Ya kwanza ni nepi za kitambaa mchana, pampasi usiku na safarini. Nunua dazeni mbili za nepi nyeupe za mraba, za pamba au za taulo laini. Dazeni moja haitoshi: siku ya mvua utajikuta unapuliza nepi na feni. Za taulo zinanyonya zaidi ila zinachelewa kukauka. Za pamba nyembamba zinakauka kwa jua la saa chache na unaweza kuzikunja mbili. Mimi huchanganya dazeni kwa dazeni. Zifue mara mbili tatu kabla mtoto hajafika, kwa maana nepi mpya hainyonyi vizuri, mkojo unateremka mguuni. Pini ziwe zenye kofia ya kufunga. Zile chupi za nailoni za kuvalisha juu ziwe za kutoka tu. Ukimshindisha nazo, ngozi itaungua.

Ya pili ni khanga kuukuu iliyochanwa, winda la bibi zetu. Kwa siku za mwanzo naiona bora kuliko zote, kwa sababu choo cha kwanza cha mtoto ni cheusi na kinanata kama lami, na hakitoki kwenye kitambaa cheupe. Tumia vipande hivyo, visivyofulika utupe. Udhaifu wake ni kwamba mtoto akianza kurusha miguu, kinafunguka.

Ya tatu ni pampasi za pakiti kubwa. Gawanya bei kwa idadi ya zilizomo, usidanganywe na ukubwa wa mfuko. Na usome kilo zilizoandikwa, si namba ya saizi. Mtoto wengi wetu tunayemzaa yuko karibu na kilo 3 na anaongezeka upesi, kwa hiyo pakiti moja ndogo ya vichanga inatosha. Ukiweka akiba, weka ya saizi inayofuata.

Ya nne ni nepi za kisasa za vifungo, zile zenye mfuko wa kuchomeka kitambaa ndani. Hazina ubaya. Tatizo ni kwamba unalipa pesa nyingi kwa mkupuo, kichanga zinampwaya, na kitambaa cha ndani kinachukua siku nzima kukauka. Kama dada yako anazo na mwanawe ameshaacha nepi, zichukue kwa shukrani.

Ya mwisho ni pampasi zisizo na pakiti, zinazouzwa kwenye marobota au kwa kupima. Bei yake inavutia kweli. Lakini hazina jina, hazina tarehe, saizi zimechanganyika, na zimekaa wazi kwenye vumbi. Nyingine gundi haishiki. Kwa mtoto wa mwaka mmoja sitakukataza. Kwa kichanga, hapana.

Kuna jambo linaloweza kupindua mpangilio huu wote, nalo ni maji. Ukinunua maji kwa dumu, au unajifungua katikati ya masika, Machi mpaka Mei, ukiwa na kamba moja ya kuanikia ya wapangaji sita, nepi za kitambaa zinapoteza nafasi yake. Piga hesabu ya madumu na sabuni kwanza. Mwenye bomba uani na jua la Januari hana sababu ya kufikiria mara mbili.

Nafasi ya nne: nguo, na ni za mtumba

Nguo za kichanga hazichakai, kwa kuwa mwenyewe hatambai wala hapandi miti. Ndiyo maana mtumba wa saizi hizi mara nyingi ni kama mpya. Nenda Karume au Tandika asubuhi, belo zikifunguliwa, kama una nguvu za kuinama. Ukichelewa, utakuta zilizobaki zimepangwa chini na bei ni buku buku, na bado unapata.

Vuta mpira wa mguuni na kiunoni uone kama umelegea. Bonyeza vifungo vya chuma vya katikati ya miguu vyote, kimoja kimoja. Chenye kutu kiache, kitatoboa kitambaa na kumkwaruza mtoto. Geuza ndani, angalia shingoni, madoa ya maziwa yanakaa hapo. Nusa. Nguo yenye harufu ya unyevu iliyokolea utaifua mpaka uchoke. Muuzaji atakuambia, "Anti, hiyo grade one hiyo." Mjibu kwa tabasamu, endelea kubonyeza vifungo.

Chukua nguo sita hadi nane za pamba nyepesi, soksi pea tatu na kofia mbili. Kofia ni ya lazima kwa saa na siku za mwanzo, kwa sababu kichanga hupoteza joto haraka. Lakini yale manyoya ya dirishani yametengenezwa kwa nchi zenye theluji. Kwa joto la Mbagala yatamwotesha harara shingo nzima. Saizi nyingi ziwe za miezi mitatu hadi sita. Ukifika nyumbani, fua zote, anika juani, piga pasi ndani na nje hadi kwenye mishono. Pasi hiyo iendelee kwa kila nguo na nepi inayoanikwa nje: kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia kwenye ngozi.

Vitu vidogo

Beseni la kuogea, na ndoo yenye mfuniko ya nepi chafu. Sabuni ya mche inafulia kila kitu. Sabuni laini isiyo na manukato ya kumwogeshea, kopo dogo la mafuta ya mgando. Kitovuni usipake kitu chochote ambacho nesi hakukuagiza. Ukibakiwa na kidogo, nunua kipimajoto cha dijitali. Kinauzwa duka la dawa, na kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu nyuzi 38 ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Asiponyonya au akiwa wa baridi, vivyo hivyo.

Chandarua usinunue kabla hujauliza kliniki. Mpango wa serikali ni kwamba mjamzito apewe chenye dawa bure hudhurio la kwanza, na mtoto apate chake akichanjwa surua miezi tisa.

Acha dukani

Chupa na maziwa ya kopo, kwa sababu niliyokwisha kuitaja. Poda, maana anaivuta puani. Mto wa dubu: kichanga halalii mto, na vitu laini karibu na uso wake ni hatari. Kitanda chenye mwavuli wa neti kitamwacha baada ya miezi michache, na neti yake mara nyingi haina dawa. Kigari cha kutembelea hakimfundishi mtoto kutembea, kinampeleka kwenye jiko na ngazi haraka zaidi.

Lini, na kwa pesa ipi

Wapo wazee wasiotaka kitu cha mtoto kiingie ndani kabla hajazaliwa, na sioni haja ya kugombana na mama mkwe kwa hilo. Khanga ni zako, beseni ni la nyumba, glavu ni za hospitali: hivyo vyote vinaingia bila maneno. Nguo na nepi dada yako anaweza kukuwekea kwake.

Marafiki wakitaka kuchanga kwenye baby shower, mteue mmoja mwenye ulimi mwepesi awaambie wazi: pampasi za saizi ya pili, miche ya sabuni, au pesa. Wasiposikia utaletewa magauni matano ya sherehe. Na kama mnacheza mchezo wa kupeana pesa kwa zamu kazini au mtaani, usingoje zamu ikukute umeshajifungua. Omba kubadilishana na mtu upokee mimba ikiwa ya mwezi wa saba au wa nane. Vikundi vingi humwachia mama kijacho bila ubishi, mradi uombe mapema na uwe hudaiwi.