GeoGuessr: Umeangushwa Barabarani, Haya Sema Uko Wapi

Haya jamani, karibuni. Leo tunauchambua GeoGuessr, ule mchezo wa kuoneshwa picha ya barabara usiyoijua, halafu unaambiwa uweke pini kwenye ramani ya dunia. Basi, hamna maelekezo mengine. Najua mnataka kusikia kama unastahili kulipiwa. Nitafika huko, lakini kwanza tuucheze, maana ukielezwa kwa maneno matupu unasikika kama mtihani wa jiografia na mtu anakimbia.

Tazameni skrini. Barabara ya lami imenyooka, vichaka vifupi vikavu pande zote, hakuna nyumba wala mtu. Unaweza kusema hapa ni popote, sivyo? Subiri. Lile lori linalokuja limekaa kulia kwetu, kwa hiyo hapa wanaendesha kushoto. Umeshafuta sehemu kubwa ya dunia. Sasa angalia ukingo wa lami: mstari wa njano. Njano pembeni, magari kushoto, ukame kiasi hiki... mimi nawaza kusini mwa Afrika. Nageuza kamera, dira ile pale kwenye kona, na jua liko kaskazini. Tuko kusini mwa ikweta. (Hii ya jua usiitegemee ukiwa karibu na ikweta yenyewe, itakudanganya.) Nasogea mbele, nakuta kibao kidogo kimeandikwa R27. Afrika Kusini hiyo, R wanaiweka kwenye barabara za mikoa. Nafungua ramani naifuata R27 taratibu: inapanda kutoka pwani ya magharibi, inapita Calvinia, inaelekea Brandvlei. Hapa ni tambarare tupu, milima imeshaachwa nyuma, kwa hiyo pini naiweka kaskazini mwa Calvinia. Pointi 4,800 na kitu! Si haba.

Mchezo mzima una raundi 5, kila moja pointi 5,000, ukipatia kabisa unaondoka na 25,000. Ukikosea nchi jirani bado unapata kitu, ukikosea bara ni kilio.

Utamu wake uko hapo kwenye kibao na mstari wa njano. Baada ya muda unaanza kuona vitu ambavyo macho yalikuwa yanavipita tu. Herufi ł kwenye bango la duka, hiyo Poland. Ukiona þ na ð, nenda Iceland bila kusita. Namba za gari za njano mbele na nyuma, fikiria Uholanzi au Luxembourg. Zikiwa nyeupe mbele na njano nyuma, Uingereza. Mstari wa njano katikati ya barabara, mara nyingi uko Amerika, ingawa Norway nao wanao, na wamewachoma wengi.

Ila kuna jambo moja linanikera. Picha zinatoka Street View ya Google, yaani picha za barabarani zinazopigwa na magari yenye kamera juu, na wachezaji wakali wameacha kuangalia nchi, wanaangalia gari lililopiga picha. Kenya gari lina bomba la kuvutia hewa limesimama kando ya boneti. Ghana kuna utepe mweusi umezungushwa kwenye keria. Mongolia gari limebeba mizigo ya kambi juu. Japani kamera ziliteremshwa sentimita 40 mwaka 2009 baada ya watu kulalamika kwamba zinachungulia juu ya kuta za nyumba zao, kwa hiyo picha zinakaa chini chini. Ni maarifa ya kuchekesha, nakubali, na ukiwa kwenye pambano la ana kwa ana utayahitaji, maana mwenzako anayo. Lakini ukimaliza raundi ya Ghana bila kuiangalia Ghana, umecheza nini?

Na dunia yenyewe ina matundu. China bara haimo kwenye Street View. Nchi nyingi za Afrika hazimo, au zina vipande tu. Ujerumani ilipigwa picha miji 20 mwaka 2010, kazi ikasimama kwa miaka mingi, picha mpya zikaanza kutoka 2023. Kwa hiyo ukiona picha usiyoielewa, usijaribu nchi zote. Jaribu zile ambazo gari la Google limefika.

Historia kwa ufupi: aliutengeneza Msweden, Anton Wallén, mwaka 2013. Sasa una kombe la dunia. La kwanza lilichezwa Stockholm 2023, akashinda Mholanzi anayejiita Consus, na 2024 likaenda kwa Mfaransa, Blinky. Katazame walivyocheza. Kuna mtu anapatia nchi kabla wewe hujaona kama ni mchana.

Sasa pesa. Mwanzo ulikuwa bure, siku hizi ukitaka kucheza utakavyo lazima ulipie usajili. Kwa mtu wa mara moja moja, mimi nasema usilipe. Nenda Geotastic, unaendeshwa kwa michango ya wachezaji na wazo ni lile lile. Au TimeGuessr: picha 5 kwa siku, unakisia mahali na mwaka, na hapo ujanja wa gari la Google hausaidii kitu, unabaki na nguo za watu na umbo la magari. Huo mimi naupenda zaidi, nisiwafiche.

Kulipia GeoGuessr kuna maana kama una wa kupambana naye. Na mkipambana, zimeni kusogea. Mkiruhusu kusogea, mmoja ataendesha mpaka akute kibao chenye jina la mji, amemaliza, na mchezo umegeuka mbio za kubofya. Wekeni picha imesimama, geuzeni kamera tu, sekunde 60 kila raundi. Sekunde 30 ni chache mno kwa anayeanza, atakata tamaa, na wewe utabaki unalipia mchezo peke yako.