Bandit ya OverTheWire: majuma sita na mchezo wa kumfunza msimamizi mchanga wa Unix

Kila mwaka hupokea vijana wawili watatu wanaokuja ofisini kwetu, Dar es Salaam, kwa mafunzo ya vitendo, na swali lao la wiki ya kwanza halibadiliki: nianzie wapi kujifunza usimamizi wa seva za Unix? Kwa muda mrefu nilikuwa nikiwapa kitabu kinene na kuwaacha nacho, na kitabu kilirudi mezani kwangu kikiwa safi kama kilivyotoka. Safari hii niliwapa Bandit, mchezo wa mafunzo unaotolewa bure na OverTheWire, tovuti ya michezo ya kujifunza usalama wa kompyuta, nikaucheza upya mimi mwenyewe sambamba nao, na haya ndiyo niliyoyaona katika majuma sita.

Bandit si programu ya kusakinisha wala kozi ya video. Ni seva halisi ya Linux, mfumo wa jamii ya Unix, ambayo unaingia kwa ssh, njia salama ya kuitumia kompyuta iliyo mbali, kupitia poti (mlango wa mtandao) 2220, ukitumia jina bandit0 na nywila hiyo hiyo bandit0, na ndani yake imefichwa nywila ya mtumiaji anayefuata, bandit1. Ukiipata unatoka, unaingia upya kwa jina la bandit1, unaitafuta ya bandit2, na mwendo ni huo huo mpaka unavuka ngazi 30. Hakuna kujisajili, hakuna kadi ya benki, hakuna cheti. Kwa kuwa kinachopita mtandaoni ni maandishi matupu, bando ambalo lingekwisha kwa masomo machache ya video hapa linakaa siku nyingi. Kijana mmoja alimaliza ngazi 10 za kwanza akiwa kwenye foleni ya daladala, kwa simu ya Android yenye Termux, programu ya kuandikia amri, ingawa baada ya hapo sishauri simu, maana kuandika alama za bomba (|) na mabano kwa kidole gumba ni adhabu.

Jambo la kuzingatia mapema ni kwamba seva haikumbuki umefika wapi. Nywila uliyoipata usipoiandika mahali, kesho utairudia kazi ile ile, na mara moja moja waandaaji huzibadilisha zote. Mimi naliona hilo kuwa jema. Nilimwagiza kila mmoja anunue daftari, aandike nambari ya ngazi, amri alizojaribu, kilichokataa na sababu ya kukataa, na daftari hilo ndilo nililokuwa nikilisahihisha kila Ijumaa badala ya kuuliza wamefika ngazi ya ngapi.

Ngazi ya kwanza inaonekana rahisi mno. Nywila imo ndani ya faili ambalo jina lake ni kistari kimoja tu. Kijana mmoja aliandika cat, amri ya kuonyesha yaliyomo ndani ya faili, akaacha nafasi, akaweka kistari, akabonyeza Enter. Terminali ikanyamaza. Alisubiri kama dakika nzima, kisha akainuka.

“Shikamoo mzee. Seva imeganda.”

“Marahaba. Haijaganda, inakusubiri wewe.”

Kwa amri ya cat, kistari kikiwa peke yake si jina la faili. Maana yake ni kwamba isome kile kitakachoandikwa kwenye kibodi, na ndivyo ilivyokuwa ikifanya kwa utiifu mkubwa. Namna ya kuivuka sitaieleza, kwa kuwa waandaaji wanaomba majibu yasitangazwe, lakini somo lenyewe ni kubwa kuliko jibu: amri haikuelewi ulivyokusudia, inaelewa ulivyoandika, na ukimya wake mara nyingi si hitilafu. Ngazi inayofuata ina faili lenye nafasi katikati ya jina, jambo ambalo wachezaji wengi hulidharau mpaka siku mhasibu atakapohifadhi kwenye seva yao “ripoti ya mwisho kabisa 2.pdf”, na skripti (faili la amri zinazoendeshwa kwa pamoja) isiyoweka alama za kunukuu ikaona hapo mafaili matano.

Nguvu halisi ya Bandit, kwa maoni yangu, ni kwamba inakunyima maelezo. Kila ngazi ina sentensi chache za kutaja lengo, halafu orodha ya amri zinazoweza kukusaidia, basi. Hakuna anayekwambia amri hizo zinatumikaje, kwa hiyo unalazimika kufungua man, mwongozo wa amri uliomo ndani ya mfumo wenyewe, na hapa ndipo vijana wetu wengi wana upungufu mkubwa, kwa sababu wamezoea kunakili amri kutoka mtandaoni na kuibandika bila kuisoma. Wiki ya kwanza waliiona man kama ukuta wa maandishi. Niliwaonyesha mambo manne tu: kubonyeza mkwaju (/) na kuandika neno unalolitafuta, kubonyeza n kwenda kwenye tokeo linalofuata, q kutoka, na man -k pale unapojua unachotaka kufanya lakini hujui jina la amri. Baadaye nikawaongezea kwamba kurasa hizo zimegawanywa kwa sehemu zenye nambari, desturi iliyokuwamo tayari katika mwongozo wa kwanza wa Unix wa Novemba 1971, na kwamba kwenye Linux sehemu ya 8 ndiyo ya msimamizi. Mfano ni crontab, ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe. Anayeandika man crontab anasomeshwa habari za amri. Anayetaka kujua zile nyota tano za kutaja wakati katika ratiba hiyo zinapangwaje anapaswa kuandika man 5 crontab. Tofauti hiyo ndogo imewahi kumpotezea kijana mmoja mchana mzima.

Ngazi ya 5 na ya 6 zinafundisha find, amri ya kutafuta mafaili, nazo ndizo ninazozipenda kuliko zote. Katika ya 6 unaambiwa tu kwamba nywila iko mahali fulani kwenye seva, katika faili linalomilikiwa na mtumiaji bandit7, la kundi bandit6, lenye ukubwa wa baiti 33. Ukianza kutafuta kutoka kwenye mzizi wa mfumo, skrini inajaa malalamiko ya kunyimwa ruhusa mpaka jibu linazama humo, na hapo unajifunza, bila kufundishwa, kwamba makosa yana njia yake ya kutokea na majibu yana njia yake, na kwamba hizo mbili zinaweza kutenganishwa. Kazini utaihitaji find hiyo hiyo siku utakapoambiwa uorodheshe mafaili yote ya mfanyakazi aliyeacha kazi. Ngazi ya 8, ya kutafuta mstari pekee usiojirudia, inafundisha sort na uniq, amri za kupanga mistari na kushughulikia inayojirudia, na kuanzia hapo kuhesabu ni anwani zipi zinazoisumbua seva yako ni suala la mstari mmoja.

Ngazi ya 12 inachosha. Faili limebanwa tena na tena kwa programu tofauti, na kazi yako ni kulibandua kama kitunguu, tabaka kwa tabaka, ukiuliza kila mara ni la aina gani. Mzunguko wa tatu unakuwa umeshaelewa. Mingine ni uvumilivu tu. Hata hivyo ndipo vijana walipojifunza kufanyia kazi kwenye saraka yao ya muda ndani ya /tmp badala ya kuchafua palipo pa wote, kwa hiyo siilaumu sana.

Kuanzia ya 13 hadi ya 16 mchezo unahamia kwenye funguo za ssh, poti na mawasiliano yaliyosimbwa, na ubora unarudi. Mchezaji hupewa ufunguo wa siri badala ya nywila, na akiuhifadhi kwake katika faili linaloweza kusomwa na kila mtu, ssh inaukataa. Nilifurahi kuona wanakumbana na kikwazo hicho hapa, ambapo hakuna mteja anayepiga simu. Ya 17 inakupa mafaili mawili yanayotofautiana kwa mstari mmoja, yaani kazi ya kila siku ya kulinganisha mipangilio ya jana na ya leo.

Sasa kasoro. Ngazi za 21 hadi 23 zinahusu cron, programu inayoendesha kazi za kwenye crontab, na zinafundisha vizuri kusoma kazi iliyopangwa na mwingine na, katika ya 23, kuandika skripti yako mwenyewe. Lakini hazikufundishi kuipanga kazi kwa niaba ya watu. Katika ofisi moja niliyowahi kuitumikia, mkuu wa kitengo alimwagiza kijana mpya kwamba nakala rudufu ya hifadhidata ichukuliwe saa nane usiku. Kijana akaandika 0 8 * * *, yaani dakika 0 ya saa 8 kila siku, na kwenda nyumbani akiwa ametulia. Kosa la kwanza ni kwamba saa nane yetu ya usiku ni saa 2:00 kwa hesabu ya kompyuta. La pili ni kwamba seva ilikuwa katika saa za UTC, saa ya kimataifa, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu, hivyo saa 8:00 ya seva ilikuwa saa tano ya asubuhi kwetu. Nakala rudufu ikaanza wakati foleni ya wateja imefika mlangoni, mfumo ukawa mzito, na siku tatu zilipita watu wakilaumu mtandao. Kilichotakiwa ni 0 23 * * *. Hakuna mchezo uliotungwa kwa ajili ya dunia nzima utakaokufundisha hilo, na silitegemei, ila msimamizi anayeongea Kiswahili na kuandika crontab aliweke akilini kabla ya yote.

Kasoro ya pili ina uzito zaidi. Ndani ya Bandit wewe ni mgeni usiye na madaraka. Huwi root, yaani mtumiaji mkuu mwenye madaraka yote, husakinishi kitu, huongezi mtumiaji, huoni diski ikijaa. Usimamizi wa mifumo, kwa sehemu kubwa, ni kutunza vitu ambavyo vikiharibika watu wanaumia. Nimeshuhudia diski ikifika asilimia 100, mtu akafuta kwa rm faili la logi (kumbukumbu za matukio) la gigabaiti 40, na df, inayopima diski nzima, ikaendelea kusema asilimia 100 ile ile huku du, inayojumlisha mafaili yanayoonekana, ikidai nafasi ipo. Alikaribia kufuta na la pili. Prosesi, yaani programu inayoendeshwa, iliyokuwa ikiandika logi ilikuwa bado imelishikilia faili, na nafasi hairudi mpaka ilifunge; lsof +L1, inayoorodhesha mafaili yaliyofutwa lakini bado yameshikiliwa, ingemwonyesha mara moja. Mchezaji anaweza kuimaliza Bandit yote bila kukutana na tatizo la namna hii hata mara moja.

Lugha nayo ni kikwazo, ingawa si kikubwa kama nilivyohofia. Maelezo yote ni ya Kiingereza, na aliyesoma kwa shida atasumbuka zaidi na kurasa za man kuliko na mchezo wenyewe. Dawa tuliyoitumia ni kulijaza daftari kwa Kiswahili. Kijana anayeweza kuandika “find hushuka ndani ya saraka zote, grep husoma ndani ya faili” ameelewa; aliyenakili maelezo ya Kiingereza neno kwa neno bado.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuichukua Bandit kama kazi ya wiki nne, ngazi moja au mbili kwa siku, mpaka ya 24, ambapo unatakiwa kuandika skripti ya kujaribu namba za siri zote 10,000. Ya 25 na ya 26 ni fumbo la kufurahisha lisilo na matumizi mengi, na kuanzia ya 27 hadi ya 31 ni git, zinazomfaa yeyote anayetaka kutunza historia ya mipangilio yake. Ukikwama, jipe saa mbili za kusoma man kabla ya kuomba msaada, wala usitafute majibu yaliyovuja, kwa sababu ukishapewa jibu huna tena unachokifanya pale.

Wiki mbili za mwisho ziwe za mashine yako mwenyewe. Sakinisha VirtualBox, programu ya kuendesha mashine za kubuni, kwenye kompyuta ya kawaida, katika mashine moja uweke Debian, aina ya Linux, na katika ya pili uweke FreeBSD, mfumo wa jamii ya Unix usio Linux, ambao mwongozo wake rasmi ni wa bure na umeandikwa kwa uangalifu mkubwa. Nasisitiza hiyo ya pili kwa sababu Bandit ni Linux tupu na inaacha dhana kwamba kila Unix iko hivyo. Siku kijana wangu alipoendesha sed -i, amri ya kubadilisha maandishi ndani ya faili, kwenye FreeBSD na ikamgomea, ndipo alipogundua kwamba huko chaguo hilo hudai kiambishi cha nakala ya akiba, hata kama ni kitupu. Humo ndani jifunze kuhariri sudoers, faili la kugawa madaraka ya root, kwa visudo, kuthibitisha mipangilio ya ssh kwa sshd -t kabla ya kuiwasha upya huduma, na kubaki na dirisha la pili la ssh likiwa wazi mpaka uhakikishe kwamba la tatu linaingia. Jihadhari na crontab -r, ambayo kwenye Debian hufuta ratiba yote bila kuuliza, huku herufi r ikiwa jirani kabisa na e, ile ya kuhariri, kwenye kibodi.

Ijumaa ya mwisho niliiharibu mashine ya majaribio kwa makusudi, nikajaza diski yake, nikalegeza ruhusa za ufunguo, kisha nikawaachia karatasi yenye mistari mitatu ya maagizo. Diski waliipata kwa dakika 20 na ufunguo chini ya tano. Agizo la tatu lilikuwa nakala rudufu ya saa nane usiku. Yule wa kistari aliandika date, akaitazama skrini, kisha akageuka. “Mzee, saa nane ya Dar au ya seva?”